Kasi pekee haimtoshi pitcha

Kocha, umeuliza umfunze nini pitcha wako wa softiboli, yaani mrushaji mpira, anayetegemea kasi tu. Huyo binti mfunze chenjiapu kwanza, yaani mpira wa polepole. Wapigaji wa sekondari huku Kisumu wakishaona mipira mitatu ya mwendo mmoja, wa nne wanaugonga, maana wameshaushika muda wake. Mkono uzunguke kwa kasi ile ile kabisa. Kinachobadilika ni mshiko tu: mpira ukae ndani ya kiganja, si kwenye ncha za vidole. Akipunguza mwendo wa mkono, mpigaji anajua mapema. Nanoa wasichana wa softiboli, na hapo ndipo wengi hukwama. Mipira ya kupinda ingoje hadi aweze kulenga pembe zote mbili za pleti, kile kibao cha chini kando ya mpigaji. Bega likianza kuuma, apumzike, tafadhali.