Kibanio cha nguo cha mita 14

Ndugu, unasema kibanio kikubwa cha nguo hakiwezi kuwa sanaa. Mimi nasema ni sanaa, na wala si jambo la kubishaniwa. Kile kibanio cha kuanikia nguo unachokiita "bango la duka" ni kazi ya mchongaji sanamu Claes Oldenburg, kimesimama Philadelphia, Marekani, tangu 1976. Urefu wake ni kama mita 14, chuma kitupu kilichoachwa kishike kutu ya juujuu.

Mimi nachomelea vyuma Katwe, mtaa wa Kampala, kwa hiyo jambo la kwanza ninaloliangalia ni maungio. Tazama spring pale katikati: imekunjwa ikasomeka kama 76, na mwaka ule Marekani ilikuwa inatimiza miaka 200 ya uhuru. Sasa rudi nyuma kidogo uangalie zile pande mbili. Ni kama watu wawili wamekumbatiana. Kitu tunachokitupa kwenye beseni la nguo kila siku, na hatukuwahi kukiona hivyo! Kukikuza ndiko kulikotufumbua macho.

Ila ukubwa peke yake hautoshi. Birika kubwa la bati juu ya mlango wa hoteli linakwambia ingia unywe chai, basi. Hilo ni tangazo, hata likiwa la ghorofa tatu. Na usidhani sanamu lazima iwe ya mtu, kama yule mama anayemwinua mtoto kwenye Mnara wa Uhuru wa mchongaji Gregory Maloba hapa Kampala. Ule naupenda sana, lakini hauzuii kibanio kuwa sanaa.