Wekundu umeondoka, lakini mtoto haoni ubao

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 huwashwa macho sana, hasa kukiwa na vumbi. Kemisti wa mtaani alinipa matone, na siku mbili tu macho yakawa safi. Nikiacha, yanarudi kuwa mekundu, nanunua tena. Sasa huu ni mwezi wa nane tukitumia. Mwalimu asema haoni ubaoni. Niombe dawa yenye nguvu zaidi? – Mama, Kisauni

JIBU: Usinunue chupa nyingine, dadangu. Mpeleke kliniki ya macho kesho, na chupa uende nayo hata kama imekwisha. Dawa inayong'arisha jicho kwa siku mbili, kisha ikiachwa mambo yanarudi palepale, mara nyingi ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe: deksamethasoni au betamethasoni, mara nyingine imechanganywa na antibiotiki.

Kila wiki hapa kliniki naambiwa, "Sista, ile dawa ni nzuri, inaondoa wekundu." Inaondoa, ndiyo. Haijaponya mzio unaomwasha, imeunyamazisha tu. Huku ndani inaweza kuziba njia ya maji ya jicho kutokea. Maji yakikosa pa kupita, presha inapanda na kuikandamiza neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Mtoto haumwi, jicho ni jeupe pe, mama amefurahi, na neva inakufa. Dawa hiyohiyo huleta mtoto wa jicho pia. Huyo hupasuliwa. Neva iliyokufa hairudi.

Huenda mwanao anahitaji miwani tu. Atakayejua ni yule atakayempima presha ya jicho na kutazama nyuma ya jicho. Kwa mzio kuna matone kama kromoglikati ya sodiamu ya asilimia 2, mara nne kwa siku. Hufanya kazi polepole, wiki kadhaa, ndiyo maana wauzaji hawayapendi: mteja hasifu siku ya pili. Akiwashwa, mkande kwa kitambaa cha maji baridi asiyapekeche.

Steroidi si sumu. Sisi wenyewe huzitumia, lakini tukiwa tumeshapima na tunaendelea kupima. Ninachogombana nacho ni kuiuza juu ya kaunta kama panadoli. Januari 2024, macho mekundu yalipoenea Mombasa nzima, wengi walikuwa na virusi vinavyoisha vyenyewe, lakini watu walikuja na chupa moja inayozunguka nyumba nzima, kila jicho likiguswa na mdomo wa chupa. Na kama wekundu ni wa virusi vya hapesi, vile vya malengelenge ya mdomoni, steroidi huviacha viendelee kukila kioo cha jicho.

Masikio nayo ni yaleyale. Sikio linalotoa usaha huenda ngoma yake imetoboka, na matone ya jentamisini yakipenya ndani yanaweza kuharibu usikivu. Hilo tundu halionekani kutoka ng'ambo ya kaunta. Yule aliyekuuzia alishika hata kurunzi akamulika jicho la mtoto, au aliuliza tu una shilingi ngapi?