Maswali na majibu: Milima ya jirani, kamera na ukungu wa Julai

Tangu jua la Nairobi lianze mgomo wake wa kila mwaka mwezi wa Juni, maswali yenu mengi yamekuwa ya kupanda juu: Ngong, Kinangop, Longonot, hata Mlima Kenya wenyewe. Nimechagua haya. Mengine nimeyafupisha, maana kuna mmoja wenu aliyeandika kurasa nne kabla ya kufika kwenye alama ya kuuliza.

Binamu yangu yuko Vermont, Marekani. Kila Oktoba ananitumia picha za milima yenye majani mekundu na ya manjano. Sisi huku hatuna msimu kama huo? – Msomaji, Kikuyu

Hatuna, na tusijidanganye. Kule siku hufupika haraka na baridi huingia, mti ukaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, na manjano iliyokuwa imefunikwa siku zote ikapata nafasi ya kuonekana. Hapa Nairobi siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hazipishani hata robo saa. Mti wetu hauna wa kuuambia kwamba mwaka unaisha.

Rangi tunayo, ila haiji kwa mkupuo. Tafuta mutundu, ule mti wa majani mapana yenye umbo la moyo unaoota pembeni mwa misitu na kwenye mipaka ya mashamba huko kwenu. Mutundu haupukutishi majani yote kwa pamoja. Jani moja moja huiva likawa rangi ya chungwa kali huku wenzake wakiwa bado kijani. Ukipiga mti mzima utapata kijani chenye madoadoa. Sogea karibu, tafuta jani moja lenye kivuli nyuma yake, kisha zunguka mpaka jua liwe linalipenya kutoka upande wa pili. Mishipa yake itawaka kama utambi wa chemli. Picha yangu ya namna hiyo niliipigia kwenye ua wa jirani, mkono mmoja ukiwa na kikombe cha chai, na ninaipenda kuliko nyingi nilizozisafiria.

Kuna pia muhuti, unaotoa maua mekundu wakati wa kiangazi ukiwa hauna hata jani, yaani mti mtupu uliovaa moto kwenye ncha za vidole. Jakaranda huanza mwishoni mwa Septemba na kufika Novemba, lakini huyo ni mgeni kutoka Amerika Kusini na picha zake zimeshapigwa na kila mtu mwenye simu. Mimi ningeenda kwenye nyasi. Kiangazi kikikolea, migongo ya Ngong upande wa Bonde la Ufa huwa na rangi ya manyoya ya simba, na upepo ukipita unaona mlima mzima ukipumua. Mwambie binamu akutafutie hiyo Vermont.

Nilipanda Ngong mwezi wa Julai, nikafika juu saa nne asubuhi. Niliona ukungu na mitambo ya upepo nusunusu. Nirudi lini? – Mwalimu, Ongata Rongai

Mwalimu, ulienda mwezi mzuri ukatazama upande mbaya. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini mashariki unaleta unyevu kutoka baharini. Ukifika kwenye nyanda zetu za juu unalazimika kupanda, unapoa, na kugeuka lile blanketi la kijivu linalotukalia Nairobi wiki nzima. Lakini ng'ambo ya mgongo wa Ngong ardhi inaporomoka kuelekea Bonde la Ufa. Hewa ikishuka hupata joto, na mawingu huyeyuka. Nimesimama pale nikiwa na koti la mvua, nikaona wingu linamwagika kutoka upande wa Karen, linavuka mgongo kama maziwa yaliyochemka yakafurika sufuria, na kabla halijafika chini limekwisha. Kule mbali jua linawaka utadhani ni nchi nyingine. Picha ni hiyo. Geuza mgongo Nairobi, subiri ukungu ufunguke kwa dakika mbili, upige, ujifunge koti usubiri tena.

Kama unataka anga safi, nenda Januari au Februari, na uende mapema. Sisi tuko karibu na ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na kitu, na likishachomoza hupanda wima bila kujivuta. Ule mwangaza laini wa manjano, ambao wenzetu wa Ulaya huufaidi kwa muda mrefu, sisi saa mbili unakuwa umekwisha. Kwenye Aberdare na Mlima Kenya ni vivyo hivyo hata wakati wa kiangazi: alfajiri kilele kiko wazi, saa nne mawingu yameshajikusanya. Ukichelewachelewa, unajua mwana utakayemkuta ni wa nani.

Nina simu tu. Wanyama wanatoka kama punje za pilipili manga. Nifanye nini? – Msomaji, Kayole

Acha kuvuta kwa vidole. Ukivuta hivyo, simu nyingi hukata tu kipande cha picha na kukikuza, ndiyo maana pongo wako anafanana na gunia. Mwache mnyama awe mdogo, ila mweke mahali pa maana: nyati mmoja chini ya mlima mzima, pimbi kwenye ncha ya jabali na bonde nyuma yake. Ukiwa na rafiki mwenye darubini, weka kamera ya simu kwenye tundu lake la kutazamia, ushikilie kwa utulivu. Pembeni patakuwa na duara jeusi, lakini utashangaa.

Pia nenda kwa ndege wanaokuja wenyewe. Kwenye mgongo wa Ngong upepo hugonga ubavu wa mlima na kupanda juu, na shakivale hujilaza kwenye upepo huo bila kupiga bawa. Ni ndege mla nyama mwenye mkia wa rangi ya kutu. Ukiwa mjini unamwona tumbo. Ukiwa pale juu anapita usawa wa macho yako, wakati mwingine chini yako, na unaona mgongo. Kaa mahali pamoja. Atarudi kwa njia ileile.

Mbega wangu wote wanatoka kama doa jeusi lenye mkia. – Msomaji, Ruaka

Kamera inaona msitu wenye giza, mnyama mweusi na anga jeupe katikati ya matawi, inachanganyikiwa. Usimpige mbega aliye juu ya kichwa chako, anga likiwa nyuma yake. Tafuta mahali ambapo ardhi inapanda, usimame juu ili yeye awe usawa wako na majani yawe nyuma. Gusa kioo kwenye manyoya meupe, si kwenye uso, kisha shusha mwangaza kidogo kwa ile alama ya jua. Weusi unaweza kuunyanyua baadaye kwenye simu, lakini weupe uliokwishaungua haurudi. Siku ya mawingu, ile mnayoilalamikia, ndiyo siku ya mbega. Na huna haja ya kwenda Aberdare kujifunza: msitu wa Karura uko kwenu hapo, na mbega wapo.

Mimi ni msichana wa chuo, nimeazima kamera ya mjomba. Naweza kwenda Ngong peke yangu? – Msomaji, Kahawa

Hapana, mwanangu. Nami nisingeenda. Mwaka mmoja nilikaidi ushauri huuhuu nikarudi nyumbani na mkanda wa kamera bila kamera. Panda matatu namba 111 mpaka Ngong mjini, chukua boda hadi langoni, na pale omba askari wa misitu akusindikize. Ni huduma ya kulipia, na mkiwa wanne au watano mnachanga. Askari ana faida nyingine: anajua nyati wamelala wapi. Watu husahau kwamba Ngong kuna nyati, na dume mzee aliyejitenga na kundi hana subira na wapiga picha.

Mkikutana na wachungaji, salimia kwanza, omba ruhusa, na ukikataliwa piga mlima.

Kinangop nimefuata yule ndege wa kifua cha manjano mara tatu. Kila nikikaribia anaruka. – Msomaji, Naivasha

Unayemfuata kwa Kiingereza anaitwa Sharpe's longclaw, na ukimkosa huko hutampata Tanzania wala Uganda. Anaishi Kenya tu, kwenye nyasi za nyanda za juu, na Kinangop ndiko ngome yake. Anapenda yale mafundo ya nyasi yanayokwaza miguu, ndimo anamotaga, chini kabisa. Mafundo hayo, yaliyo nyumba yake na maficho yake, yanapungua kila shamba linapolimwa viazi, na karibu yote yako kwenye ardhi ya watu.

Nilimfukuza hivyohivyo siku zangu za mwanzo, nimeinama na lenzi kama mwizi wa mahindi. Mzee mwenye shamba alinitazama kwa muda akiwa ameegemea ua, kisha akaniuliza kama nilikuwa nataka kumpiga picha au kumchinja. Akanionyesha kigingi cha ua. “Kaa hapo.” Nilikaa karibu saa nzima, suruali ikalowa umande, nikaanza kumlaani mzee. Ndege akatoka kwenye nyasi akitembea, si akiruka, akapita hatua kumi kutoka kwenye goti langu akiokota wadudu. Nilikuwa nimeketi chini, basi nyasi za mbele zikawa ukungu wa kijani na yeye peke yake akawa mkali, ile alama nyeusi ya kifuani ikihesabika unyoya kwa unyoya.

Kwa hiyo: omba ruhusa kwa mwenye shamba, kaa chini, na usikate katikati ya mafundo ya nyasi. Ukimfukuza mara tatu kutoka sehemu moja, huenda umekanyaga karibu na kiota.

Nikiingia kwenye gari kutoka baridini, lenzi inafanya ukungu. – Msomaji, Limuru

Ni kitu cha baridi kilichokutana na hewa yenye unyevu na joto. Kabla hujaingia, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki, uache ipate joto humohumo. Maji yatatanda nje ya mfuko. Usifungue lenzi kuifuta kwa ndani. Betri za ziada ziweke mfuko wa ndani wa koti, kwa sababu baridi huzilegeza.

Naweza kurusha droni Longonot? – Msomaji, Westlands

Bila kibali, hapana. Droni husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, na Longonot ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo unahitaji pia ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori linaloisimamia. Miguu inatosha: ukingo wa kreta utakupa picha ya juu bila kelele.

Naishi ghorofa ya sita Roysambu. Jirani anaapa aliona Mlima Kenya akianika nguo. Ananidanganya? – Msomaji, Roysambu

Hakudanganyi. Mlima uko kilomita 130 hivi kutoka kwenu kwa mstari ulionyooka, na Batian, kilele chake cha juu kabisa, ina mita 5,199. Tazama kaskazini, kushoto kidogo mwa upande wa Thika. Asubuhi iliyofuata usiku wa mvua ndiyo nzuri, vumbi likiwa limeoshwa, kabla ya saa moja na nusu. Kati ya Desemba na Februari jua huchomoza likiwa limeegemea kusini, hivyo ule uso wa mlima unaotuelekea sisi hupata mwangaza. Mwezi wa Juni utaona kivuli tu, ukiona kitu.

Simu itakupa jino dogo la buluu. Lenzi ya milimita 200 au zaidi, iliyoegemezwa ukutani, itakuonyesha vilele na theluji kama imeanguka usiku. Usikate antena na matangi ya maji yaliyo mbele. Bila hayo hakuna atakayeamini ulikuwa Roysambu. Na umwombe jirani akugongee mlango akienda kuanika.