Nipeleke paka kambini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa dagaa, nyumbani Nansio, na kambi yetu iko kwenye kisiwa kidogo cha mawe. Panya wametuchosha. Wanatafuna nyavu, wanakula dagaa akiwa juu ya vichanja. Nilishaandaa paka wawili wa kupeleka, binti yangu wa kidato cha tatu akanizuia. Anasema paka mmoja aliwahi kumaliza aina nzima ya ndege kwenye kisiwa cha mbali. Ni kweli? Na sisi ambao ndege aina ya mnandi wanataga pale pale kambini, tufanyeje?
*Mvuvi, Nansio, Ukerewe*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Binti yako kakuzuia kwa haki, ingawa kisa alichosimuliwa kimefupishwa mno.

Kisiwa hicho kinaitwa Stephens Island, kiko Nyuzilandi. Mwaka 1894 mnara wa taa ulianza kuwaka pale, na watu wa mnara wakaja na paka. Kisiwani kulikuwa na ndege mdogo asiyeweza kuruka, anayekimbia chini kwenye mawe kama panya. Paka akawa anarudi nyumbani na mizoga yake mdomoni. David Lyall, msaidizi wa mlinzi wa mnara, akaiokota na kuihifadhi, ndiyo maana wataalamu walipata kumjua ndege huyo. Kufikia 1895 alikuwa haonekani tena. Ila hakuwa paka mmoja: walizaliana, wakaenea kisiwa chote, na hadi kuwamaliza ilikuwa 1925. Kinachoniuma zaidi ni kwamba zamani ndege huyo aliishi hata kwenye visiwa vikubwa vya Nyuzilandi, na huko alimalizwa na panya waliofika na mitumbwi ya Wapolinesia. Stephens ilikuwa kimbilio lake la mwisho. Kwa hiyo panya na paka, wote wana kesi ya kujibu.

Utauliza, mbona hakukimbia? Nyuzilandi ya kale haikuwa na mnyama wa nchi kavu anayenyonyesha, isipokuwa popo. Ndege anayeishi mahali hivyo vizazi kwa vizazi huacha kuruka, hutaga chini, na adui mgeni akija humtazama tu. Guam nako, katika bahari ya Pasifiki, nyoka wa mitini aliingia na shehena za kijeshi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kati ya aina 12 za ndege wa msituni waliokuwa pale, 10 zilitoweka kisiwani.

Ukerewe si hivyo. Ukisimama Rugezi unaiona Kisorya ng'ambo, kule bara. Mnandi wako anamjua kenge, anamjua nyoka, anamjua na mtoto wa binadamu mwenye manati. Paka wako hawatamaliza mnandi duniani. Watakachoweza kumaliza ni makinda ya msimu mzima hapo kambini, nalo si jambo dogo.

Lakini tusiwahurumie watu wa Guam kana kwamba kwetu hayajatokea. Kwa samaki, ziwa letu la Viktoria ndilo kisiwa: maji yaliyozungukwa na nchi kavu, hana pa kutokea. Humo mlikuwa na aina zipatazo 500 za furu, ambazo hazipatikani kwingine. Mimi nimekulia Igombe. Miaka ya sabini tulikuwa tunavua furu kwa ndoana na nyungunyungu, bibi akiwa pembeni na karai. Siku moja nilimtoa jike ambaye kidevu kilikuwa kimevimba. Nilipomshika akafungua kinywa, na vitoto vikamwagika kwenye maji ya karai, vyeusi macho, vidogo kama punje za mchele. Nilidhani ametapika. Bibi akaniambia, "Huyo ni mzazi, mrudishe," akalichukua karai mwenyewe na kulizamisha taratibu ziwani, mama na wanawe pamoja.

Hapo ndipo ilipo siri ya msiba. Furu wengi hulea mayai machache kinywani. Sangara, aliyeletwa miaka ya 1950 na 1960 ili kuongeza mavuno, hutaga mamilioni na hula furu. Miaka ya themanini sangara alijaa kwenye ghuba yetu ya Mwanza, na aina zinazokadiriwa kufikia 200 za furu hazikuonekana tena. Sitamtukana sangara, ada yangu ya sekondari ilitoka kwake, na nyumba nyingi za mabati mnazoziona Igombe pia. Ila aliyemleta hakuuliza ni nani tayari anaishi mle.

Na waliobaki hawajasalimika. Furu jike huchagua dume kwa rangi. Kwenye kisiwa cha Makobe, maji yakiwa maangavu, dume mwekundu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere na dume wa buluu wa aina nyingine wanaishi jirani bila kuchanganya uzao. Ndani ya ghuba, ambako maji yamechafuka kwa udongo na mbolea, jike haoni vizuri, na aina hizo mbili zinayeyuka kuwa moja.

Sasa paka. Chukua mmoja, dume, na umhasi kwa mtaalamu wa mifugo kabla hajapanda mtumbwi. Mlishe, mabaki ya dagaa hayakosekani. Nyavu zitundike juu, dagaa aliyekauka umweke kwenye mapipa yenye mfuniko, maana panya asiye na chakula hazai sana. Kubwa kuliko yote: mwezi ukiwaka mnarudi Nansio na kambi inabaki tupu. Siku hizo ndizo paka mwenye njaa huanza kupanda mawe kutafuta makinda. Mtie kwenye tenga, mrudi naye.