Alamu ya mtikisiko kwenye pikipiki

Umeuliza kama alamu ya mtikisiko, ile inayolia pikipiki ikiguswa, inasaidia kuzuia wizi: inasaidia mkuu ila usiitegemee peke yake, mi nafunga hizi alamu hapa Mwanjelwa, Mbeya na naona zinavyofanya kazi. Yenyewe inapiga kelele tu haizuii kitu, jamaa wawili wakiinyanyua pikipiki wakaitupa kwenye kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo) wanaondoka nayo inalia hivyohivyo, kwa hiyo usiku ifunge na mnyororo kwenye nguzo. Halafu kitu watu hawagusi kabisa ni usikivu wa sensa, kile kidude kinachohisi mtikisiko, ukiiacha juu sana na umepaki karibu na lami kila lori la Tunduma likipita inalia, majirani wakishazoea hakuna hata anayechungulia dirishani, ishushe mpaka mtu akipapasa siti inyamaze ila ukiitoa kwenye stendi tu ilie. Mwambie fundi king'ora na nyaya azifiche ndani chini ya siti maana mwizi anayejua anaanza na waya wa betri. Ila jua inakula chaji kidogokidogo muda wote, kama pikipiki itakaa wiki kadhaa bila kuwashwa chomoa betri na pikipiki yenyewe uifungie ndani.