Inua mikono kabla hujalipa: jaketi la mvua kwa wagumu wapya

Juzi pale geti la Machame, tunapoanzia kupanda Kilimanjaro, tukisubiri zamu yetu ya kupima mizigo kwenye mzani, mvua ilianza. Wagumu wapya watatu wa kundi letu (wagumu ndiyo sisi wapagazi wa mlimani) wakavaa majaketi papo hapo na kufunga zipu mpaka kidevuni, wala hatujapanda hata hatua moja. Nikamshika mmoja begani, nikachungulia ndani ya ukosi wa jaketi lake. Tepu ya mishono ilikuwa imebanduka na kujikunja kama ganda la ndizi lililoachwa juani. Nikamuuliza kalipata wapi.

"Memorial, kaka. Ni Gore-Tex hiyo."

Memorial ni soko letu la mitumba Moshi. Nembo ya hicho kitambaa cha kuzuia mvua ilikuwepo kweli, imeshonwa vizuri kifuani. Aliniangalia kwa fahari, nami nikaumia, kwa sababu jaketi la namna hiyohiyo nililichagua kwa mikono yangu mwenyewe miaka 14 iliyopita. Lilichofanya nitawaeleza hapa chini.

Wadogo zangu, nimechoka kuyasema haya njiani, mvua imeshatukuta na duka hakuna. Nayasema sasa mkiwa bado Moshi na hela bado iko mfukoni. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe nakubali. Kwa jaketi la mvua, chagueni mpaka muuzaji awachoke.

1. Ligeuze ndani nje

Kile kitambaa cha nje mnachokipapasa sokoni hakizuii mvua peke yake. Kazi kubwa inafanywa na utando mwembamba uliogandishwa nyuma yake. Kila sindano ilipopita pamebaki tundu, ndiyo maana mishono huzibwa kwa tepu upande wa ndani. Anza kukagua mabegani, kwenye kofia na kwapani, kwa kuwa mikanda ya begi husugua huko na jasho hukaa huko. Tepu ikiwa imeachia, liweke chini. Ukiona ndani panamenyuka vipande kama ngozi iliyobabuka, au kitambaa kinanata vidoleni, utando umekufa na hakuna dawa ya kuufufua.

Lenye matabaka matatu lina kitambaa laini kilichoshikana na utando kwa ndani, na ndilo linalovumilia mizigo yetu. Lile la matabaka mawili na nusu ni jepesi na linakunjwa likaenea mfukoni, lakini mkanda wa begi utalimaliza mapema. Ukitaka uhakika, omba kikombe cha maji, kunja sehemu ya bega iwe kama bakuli, mimina, kisha piga stori dakika kumi na muuzaji. Halafu papasa chini. Mangi mwenye mali nzuri hatakuzuia. Akikuzuia, nenda meza ya pili.

2. Inua mikono

Mwaka ule nilikuwa weita, msimu wangu wa tatu. Kulikuwa na kijana wa kwetu Kibosho, nimemzidi miaka minne, na mama yake ndiye aliyeniomba nimtafutie safari. Aliniambia, "Mpeleke, lakini umrudishe." Nikamwingiza kwenye kundi la Machame, safari ya Aprili, masika imekolea. Siku moja kabla ya kupanda nikampeleka Memorial. Alikuwa na shilingi 30,000, hela ya ndizi za mama yake.

Belo lilikuwa limefunguliwa asubuhi hiyo. Alipekua mwenyewe akaibuka na jaketi la kijani lililopauka, kubwa, zito kidogo, lenye jina nisilolijua. Nikalichukua mkononi mwake nikalirudisha mezani. Nikamchagulia jekundu lenye nembo. Akalivaa juu ya fulana, jua la Moshi linatuchoma, akafunga zipu. Lilimkaa kama amepimwa na fundi. Nikamwambia, "Sasa umekuwa mgumu." Sikuligeuza ndani. Sikumwambia avae kwanza flisi yake, lile sweta la joto la kuvaa chini ya jaketi. Hela yote ikaishia hapo.

Siku ya tatu, kutoka Shira kwenda Barranco, sisi wenye mizigo tulishika njia ya chini kama kawaida, wageni wakaenda na maguide kupitia Lava Tower. Mvua ilianza mapema, upepo ukaja, kisha mvua ikachanganyika na theluji. Jekundu halikufungika juu ya flisi, kwa hiyo alikuwa ameivua na kuitia kwenye kibegi chake, na huko ililowa chapachapa. Begi la mgeni lilikuwa kichwani, mikono yake yote miwili juu inalishika. Mnalijua hilo pozi. Mikono ya jaketi ilishuka karibu na viwiko, pindo likapanda juu ya mkanda wa suruali, na maji yakawa yanatiririka kutoka kwenye viganja mpaka kwapani. Mabegani tepu ilikuwa imeshaachia kabla hata hatujalinunua.

Nilimpita njiani. Weita lazima afike kwanza, chai iwe tayari wageni wakiingia. Nilimwona anatetemeka. Nikamwambia aongeze mwendo atapata joto. Akaniitikia, "Poa kaka," nami nikaenda zangu. Makosa ya sokoni ningeweza kuyaita ujinga wa ujana. Hili la kumwona anatetemeka nikaendelea na safari yangu ndilo ninalolala nalo mpaka leo.

Pale kambini, katika kuhesabu mizigo, begi moja likakosekana. Nikarudi na wenzangu wawili. Tulimkuta amekaa chini ya seneshio, ule mti mnene wa mlimani, mzigo umesimama pembeni yake umewekwa vizuri, anahangaika na kamba ya kiatu ambayo vidole havikuweza kuishika. Alikuwa ameacha kutetemeka. Nilidhani ni nafuu. Akaniuliza, ulimi mzito kama wa mlevi, kama kengele ya shule imeshagongwa.

Tulimvua jekundu na kila kilicholowa, tukamvisha vyetu vikavu, tukambeba kwa zamu. Kwenye hema la jiko guide mkuu aliagiza watandike magodoro mawili, wamwingize kwenye mfuko wa kulalia, na mwenzake mwenye joto alale naye humohumo. Mtu mmoja akaanza kumsugua miguu, guide akamkataza kwa ukali: mwili uliopoa kiasi hicho haukandwi wala hauchezewi, moyo unaweza kuvurugika. Hakupewa chochote cha kunywa mpaka alipoweza kushika kikombe mwenyewe na kumeza sawasawa, ndipo akapewa uji wenye sukari nyingi. Usiku ulikuwa umeshaingia alipoanza tena kutetemeka. Guide akasema, "Hapo sawa." Ndiyo siku niliyojifunza kwamba anayetetemeka bado anapigana, na aliyeacha kutetemeka huku bado amelowa ndiye wa kumkimbilia.

Alishushwa kesho yake. Amepona, yuko hai, ana watoto. Hajawahi kunilaumu. Nyumbani alisema aliteleza. Mama yake nilimwambia ukweli mimi mwenyewe, na ilinichukua mwaka mzima kupata ujasiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: lile la kijani lingemtosha?

Nikamjibu, ndiyo mama, lingemtosha.

Kwa hiyo, wadogo zangu, nendeni sokoni na kila mtakachovaa chini yake: fulana, flisi, na hilo koti la manyoya kama mnalo. Muuzaji akushangae, haidhuru. Vaa vyote, funga zipu, weka furushi kichwani, inua mikono yote miwili. Pindo libaki chini ya mkanda, mkono wa jaketi ufunike kifundo cha mkono, velkro ikaze ili maji yasipande. Inama kama unafunga kamba. Jikumbatie. Mgongoni pasibane. Moshi hakuna baridi, kwa hiyo fulana peke yake itawadanganya: joto hupungua karibu nyuzi 6 kila mnapopanda mita 1,000, na kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, iko zaidi ya mita 3,700 juu ya meza hiyo ya mitumba. Dada zetu wagumu, wanaozidi kuongezeka, wakague na nyonga pia, kwa sababu mengi yanayofika mezani yamekatwa kwa kiwiliwili cha mwanaume na hupanda mtu akipiga hatua ndefu.

Mnaoota kufika mbali zaidi ya kilele cha Uhuru, mkao ni uleule. Nilipopanda kilele cha Nelion kule Mlima Kenya, kwa kamba, nilitambua kuwa kushika mwamba ulio juu ya kichwa na kushika begi la mgeni ni pozi moja. Jaketi langu fupi lilichomoka kwenye hanesi, ile mikanda ya kiunoni ya kufungia kamba, kila nilipovuta mwili juu, na mchana wingu lilipotufunika mgongo wangu ulikuwa wazi. Niliyekuwa naye alikuwa na jaketi refu kidogo lenye mifuko iliyowekwa juu ya mkanda wa hanesi, na kofia inayopita juu ya helmeti. Alipanda kwa amani.

3. Kupumua

Hapa ndipo wengi mnaponiudhi, wale watatu wa getini wakiwemo. Mwaka 1969, Marekani, Bob Gore aliuvuta kwa ghafla mche wa plastiki iitwayo PTFE, ukarefuka badala ya kukatika, ukawa na vitundu vingi mno. Tone la maji haliwezi kupita hapo, mvuke wa jasho unapita. Hiyo ndiyo siri ya nembo mnayoipenda. Lakini mvuke hausukumwi na nembo. Unatoka pale ndani panapokuwa na joto na unyevu kuliko nje. Katika msitu wa Machame nje kuna joto na unyevu mwingi, kwa hiyo hata la bei ya pikipiki litapumua kidogo tu. Mkifunga zipu getini mnafika kambini mmelowa kwa jasho, na jasho linapoza mwili sawa na mvua. Msituni vaeni poncho iliyolegea, au shikeni mwavuli kama mzigo uko mgongoni, na jaketi likae kavu kwenye kibegi. Mkilazimika kulivaa, fungueni zipu za kwapani. Ukikuta lenye zipu za kwapani na jingine halina, chukua lenye nazo hata kama rangi yake ni mbaya.

Usiku wa kileleni mambo yanageuka. Hewa ya Barafu ni kavu, jasho lina pa kwenda, lakini ukitoka kambini umejifunga kila kitu utatokwa jasho saa ya kwanza, na kabla ya Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, litakuwa barafu nyembamba upande wa ndani. Toka hemani ukihisi baridi kidogo. Ongeza nguo mnaposimama, kabla baridi haijaingia.

Zile namba za kwenye lebo, 10,000 na 20,000, ya kwanza kwa kawaida ni ya maji: urefu wa nguzo ya maji, kwa milimita, ambayo kitambaa kilistahimili kilipokuwa kipya. Ya pili ni ya mvuke: gramu ngapi zinapita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24. Ukikutana na RET badala yake, kipimo cha jinsi kitambaa kinavyouzuia mvuke, hapo ndogo ndiyo nzuri. Kwa mtumba namba hizo ni historia. Amini kikombe cha maji.

4. Yanayobaki, haraka

Kofia iwe na kamba ya kukaza nyuma, na ukigeuza kichwa igeuke nawe. Zipu kuu ifunguke kutoka chini pia. Rangi iwe kali, muonekane kwenye ukungu. Mfuko mmoja uingie chupa ndogo.

5. Kulifua

Maji yakiacha kuteleza juu ya kitambaa na kuanza kukilowesha, msikimbilie kusema utando umekufa. Ni ile dawa ya kufanya maji yateleze, iliyopakwa nje ya kitambaa, imechakaa au uchafu umeifunika, na kitambaa kikishalowa mvuke hautoki, unahisi linavuja kumbe ni jasho lako. Fua kwa sabuni ya maji kidogo, suuza mara tatu au nne mpaka povu liishe kabisa, usitie kabisa dawa ya kulainisha nguo. Likikauka, pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa kikavu itaiamsha ile dawa, kama lebo inaruhusu. Na tafadhali, tafadhali, msilianike juu ya jiko la gesi kambini. Nimeona mikono ya majaketi ikiyeyuka.

6. Kama hela hakuna

KPAP, shirika la kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, hapo Moshi wanaazima wagumu nguo za mlimani bure. Nendeni kabla ya siku ya safari, mrudishe zikiwa safi ili mwenzenu azikute. Hakuna aibu yoyote.

Yule wa getini nilimpa poncho yangu, jaketi lake nikalitumia kufunikia gunia la mkaa wa nyumbani baada ya yeye kukubali kwa shingo upande. Tuliposhuka kwa njia ya Mweka na kulipwa, Jumamosi nikamkuta Memorial amefika kabla yangu. Alikuwa amevaa flisi na koti juu yake, jasho linamtiririka, gunia la viatu la muuzaji liko kichwani, mikono juu, watu wamesimama wanatazama. Aliponiona akaniita kwa sauti: "Kaka, njoo uangalie mgongoni. Limepanda?"

Lilikuwa la bluu, limepauka. Halikupanda.