Kulinganisha uvimbe wa kibofu na tishu ya kawaida: angalia kwanza sampuli zina nini

Mkuu, umesema umepakua data ya saratani ya kibofu cha mkojo ya TCGA (mradi wa Marekani wa kuchora ramani ya jeni za saratani), kompyuta yako ni ya kawaida, na unataka kulinganisha uvimbe na tishu ya kawaida ili upate "jeni zinazoleta ugonjwa". Data hii nimekaa nayo sana, ngoja nikueleze.

Kompyuta isikutishe. Jedwali la hesabu za RNA (nakala zinazotolewa na jeni iliyowashwa) ni dogo, R, lugha ya kompyuta ya takwimu, italibeba bila shida. Mafaili mazito ni yale ya msomo ghafi (vipande vya mfuatano kama vilivyotoka kwenye mashine), ambayo yanahitaji kibali na wewe huyahitaji. Ila DESeq2, kifurushi cha R kinacholinganisha jeni kati ya makundi, uipe hesabu ghafi, namba nzima. Usiipe TPM wala FPKM, ambazo ni hesabu zilizokwisha kusawazishwa.

Shida iko kwenye ulinganisho wenyewe. Ripoti ya TCGA ya 2017 ilichambua uvimbe 412. Sampuli za kawaida zenye RNA ni 19 tu, tena zilikatwa pembeni ya uvimbe, kwenye kibofu kilekile kinachoumwa. Panga matokeo yako uone jeni zilizoshuka kwenye uvimbe kuliko zote: DES, MYH11, ACTG2, SYNM, CNN1. Zote ni jeni za msuli laini! Ukuta wa kibofu ni msuli mtupu kwa sehemu kubwa, na kipande cha pembeni huja nao. Kipande cha uvimbe kimejaa seli zilizotokana na utando wa ndani. Kwa hiyo saratani haijazima jeni hizo. Seli zenye kuziwasha ndizo zilizopungua kwenye sampuli.

Zilizopanda nazo ni CDK1, CCNB1, TOP2A, AURKA. Hizo ni za mgawanyiko wa seli, utazikuta hata kwenye saratani ya mapafu au ya titi. Ukizitia kwenye STRING, hifadhidata ya mahusiano ya protini, zitakaa katikati ya mtandao, kwa sababu zinafahamiana na kila mtu. Makala zinazoishia hapo ni nyingi mno, na mimi huwa nazipita.

Ningekuwa wewe, ningeziweka kando zile 19 nikalinganisha uvimbe kwa uvimbe. Chora KRT5 dhidi ya GATA3 na utaona nukta zikivutana pande mbili: kuna uvimbe wa kibazali, unaofanana na seli za chini za utando (KRT5, KRT14, KRT6A), na wa kiluminali, unaofanana na seli za juu (GATA3, PPARG, KRT20). Mwaka 2020 watafiti waliunganisha data ya uvimbe 1,750 wakakubaliana makundi sita, na kifurushi cha R cha consensusMIBC kinakupangia kila sampuli kundi lake. Kundi moja limejaa tishu unganishi, na humo ule msuli unarudi tena, kwa hiyo pima usafi wa sampuli (sehemu ambayo ni seli za saratani kweli) kwa programu ya ESTIMATE kabla hujafurahia chochote.

Mojawapo ya yale makundi sita, la luminali-papilari, lina mabadiliko mengi ya FGFR3, jeni inayolengwa na erdafitinib, dawa iliyoidhinishwa Marekani 2019. Lakini mgonjwa huchaguliwa kwa mabadiliko ya DNA. RNA kuwa juu peke yake haitoshi, usije ukaandika vinginevyo kwenye tasnifu.

Halafu, TCGA ni saratani iliyokwisha kuingia kwenye msuli. Wagonjwa wengi hugunduliwa kabla ya hapo. Kama swali lako linawahusu hao, tafuta data ya UROMOL, utafiti wa saratani ya kibofu ambayo haijaingia kwenye msuli.

Ukimaliza weka hapa grafu mbili za PCA (zinazoweka sampuli zinazofanana karibu karibu), moja yenye rangi za makundi, nyingine rangi za usafi wa sampuli. Zikifanana, huenda makundi yako ni usafi wa sampuli tu, na tutaongea upya.